Mkono wa Ndani ya Mlango

Kahiga alikanyaga breki mara moja, lakini alikuwa amekwisha kusikia. Bati likikunjika halipigi kelele kubwa. Hukoroma kidogo tu, kama mtu aliyegutushwa usingizini, kisha hunyamaza. Alizima injini ya lori, akashuka na kuzunguka nyuma huku akiomba liwe pipa.

Halikuwa pipa. Ilikuwa gari dogo, Moris ya kijani ya Mzee Kimaiyo wa Ravine. Ilikuwa imeletwa kubadilishwa springi, kazi ikaisha, ikaoshwa na kuegeshwa kando ya ukuta imngoje mwenyewe. Kona ya lori ilikuwa imezama kwenye mlango wa nyuma, ikaburura hadi kwenye madigadi, bati la juu ya gurudumu. Shimo la mlangoni lilikuwa la kutosha paka kulala.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na wengi katika gereji ya Mohinder Singh walikuwa wamekwisha kwenda zao. Dereva wa lori, aliyeleta viazi kutoka Molo, alikuwa hotelini akila. Kosgei, mwenzake Kahiga katika kazi ya bodi, ya kunyoosha mabati ya magari, ambaye kila siku ndiye aliyesimama nyuma na kumwelekeza kwa mkono, alikuwa kwao Nandi akimzika baba yake. Singh mwenyewe ndiye aliyesema lori lisogezwe kwa sababu lilikuwa limeziba lango. Hayo yote yangeweza kusemwa. Kahiga hakuyasema.

Singh alitoka ofisini, akatazama lori, akatazama Moris.

"Nani?"

"Ni mimi, bwana."

Singh alipitisha vidole kwenye shimo, kisha kwenye mkwaruzo wa madigadi.

"Mzee anakuja Jumatatu," alisema mwishowe. "Weka pati. Jaza, piga msasa, piga rangi. Kazi ya jioni moja. Huyo ni mtu wa kununua ngozi za ng'ombe, ataona wapi?"

"Bwana, hili shimo limeingia sana. Pati ni udongo wa kuzibia tu; ya unene huu haikai. Barabara ya Ravine itaitikisa, ianguke kama ganda la uji mkavu."

"Ikianguka itaangukia Ravine."

"Atairudisha hapa."

"Sikiliza, Kahiga." Singh alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Wewe umegonga. Akiona Jumatatu, ama akirudi baada ya mvua, utamjibu wewe, si mimi. Na mimi nitaenda kwa D.O. wa serikali nimwambie huyu mtu si wangu tena. Umeelewa?"

Kahiga alielewa. Ulikuwa mwaka wa 1956, na Hali ya Hatari ilikuwa ingalipo. Mkikuyu hakukaa Nakuru kwa sababu alipenda kukaa. Alikaa kwa sahihi ya tajiri wake ndani ya pasi, kile kitabu cha ruhusa. Sahihi ikiondoka, lori la serikali lilikuja mlangoni, likambeba yeye na mkewe na watoto na sufuria zao mpaka Rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Kule ndiko kwao, walivyoandikiwa, lakini Kahiga hakuwahi kulala kule hata usiku mmoja. Alizaliwa Njoro, kwenye shamba la mzungu. Mkewe Wamuyu alizaliwa Kariandusi, ambako baba yake alichimba udongo mweupe wa mgodini mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kabla ya uzee.

"Nipe kesho, bwana," alisema. "Nitainyoosha kwa nyundo. Ikikataa, hapo tutaweka pati."

"Utanyoosha na nani? Kosgei hayuko. Mlango ni kazi ya watu wawili."

"Nitatafuta mtu."

"Awe na pasi," Singh alisema, akarudi ofisini. Kutoka ndani akaongeza, "Na rangi ni juu yako."

Huko Bondeni, katika nyumba za manispaa, Kahiga alizunguka kabla jua halijatua. Mtu wa kwanza alisema Jumapili ni ya kanisa. Wa pili, aliyewahi kufua vyuma gereji nyingine, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Singh ameandika ruhusa, akasikia hakuandika, akatikisa kichwa. "Nikikutwa na wewe mahali pa kazi siku isiyo ya kazi, watasema tulikuwa na mkutano," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Nduguye alikuwa kizuizini kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wa tatu hakufungua mlango, ingawa taa yake iliwaka.

Nyumbani kwao, hapo hapo Bondeni, Wamuyu alikuwa akipiga pasi nguo za watu wa reli, kazi iliyowalisha wiki ya mwisho ya kila mwezi. Alimtazama mumewe akiketi kitandani bila kuvua viatu.

"Baba Wanjugu, ni nini?"

Alimweleza. Alieleza kifupi, kama mtu anayetema kitu kichungu, na alipofika kwenye D.O. sauti yake ilipungua ili watoto wasisikie.

"Huyo wa pili ulimbembeleza?"

"Nilimbembeleza. Nilisimama pale kama mwombaji."

Wamuyu alirudisha pasi juu ya makaa. "Na huyo anayeshika, hufanya nini hasa?"

"Hushika chuma."

"Chuma gani?"

"Chuma kizito hivi, cha kujaza kiganja. Mmoja anakaa ndani ya gari, anakiegemeza nyuma ya bati. Mwingine yuko nje na nyundo. Ukipiga bila chuma nyuma, bati linakimbia tu, linaharibika zaidi. Ndiyo kazi yenyewe. Kushika."

"Si kupiga?"

"Kupiga ni mimi."

"Basi nitashika mimi."

Kahiga alicheka, kicheko kisicho na raha ndani yake. "Gereji si mahali pa mwanamke."

"Na Rizavu ni mahali pa nani?" Wamuyu alikunja shati la mtu wa reli, mikono ikielekea mgongoni, kola ikitazama juu. "Pasi ya ruhusa ninayo. Kanisani Mungu ataniona wiki ijayo. Watoto watakaa na jirani yetu Wariara. Kama una mtu mwingine, mtaje."

Hakuwa naye.

Jumapili asubuhi walipita barabarani pamoja, yeye mbele na mkewe nyuma, wakapishana na watu waliovaa nguo nyeupe za kanisani. Mlinzi wa gereji alimtazama Wamuyu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, akasema kwa Kahiga, kana kwamba yule mwanamke hakuwa na masikio, "Huyu ni wa nini?"

"Ni wa kazi," Kahiga alijibu.

Walifungua ngozi ya ndani ya mlango, wakatoa kiti cha nyuma. Wamuyu aliingia na kujikunja sakafuni, magoti kifuani, mkono wa kulia ndani ya tumbo la mlango. Kahiga alimpa kile chuma, akamwonyesha. Pigo la kwanza likamtoa chuma mkononi, kikaanguka chini ya mlango kwa kishindo.

"Shika!"

"Nimeshika."

Pigo la pili, chuma kikateleza. La tatu likampata kwenye kifundo cha kidole. Kahiga aliacha nyundo ishuke.

"Mwanamke, nimekwambia kaza mkono! Unakaza wapi? Kosgei angekuwa amekwisha—"

"Mimi si Kosgei." Sauti yake ilitoka ndani ya bati, tulivu. "Ukitaka kunifokea, nifokee kwa jina langu. Lakini kwanza niambie utapiga wapi, kwa maana huku ndani sikuoni. Wewe unapiga tu. Mimi nitajuaje?"

Kahiga alisimama. Miaka yote na Kosgei hawakuwahi kuambizana. Walikuwa wamezoeana kama ng'ombe wa jembe moja. Haikumjia kwamba mazoea hayo yalikuwa na mwanzo, na kwamba mwanzoni mtu lazima aseme. Aliinama dirishani, akamwona mkewe amekunjana kama mzigo, jasho likimtoka chini ya kitambaa.

"Nitagonga kidogo kwanza," alisema. "Hivi. Wewe ukifika hapo, nijibu. Halafu ndipo nipige."

Aligonga kidogo. Ndani, chuma kikatembea, kikatafuta, kikajibu. Tik. Akapiga. Chuma hakikuanguka.

Tangu hapo kazi ilianza kwenda. Waliingia kutoka pembeni mwa shimo, si katikati, wakilizunguka taratibu kama mtu anayepunguza dimbwi kwa kikombe. Gonga, jibu, pigo. Bati ambalo lori lilikuwa limelivuta lilianza kurudi, na lilipogoma walilingoja. Wamuyu hakuwa na nguvu za Kosgei, lakini alikuwa na kitu ambacho Kahiga hakuwahi kukidai kwa Kosgei: hakuchoka kurudia. Mkono wa kulia ulipokufa ganzi alihamisha chuma kwenda kushoto, akajigeuza sakafuni bila kusema. Mara kwa mara alifumba macho na kupitisha kiganja ndani ya mlango, kama mama anayepapasa kichwa cha mtoto aliyeanguka.

"Hapa bado kuna kilima," alisema.

"Wapi? Mimi naona sawa."

"Wewe unaona. Mimi nashika."

Kahiga alipitisha kiganja chake kwa nje. Kilima kilikuwapo. Alikigonga, akajibiwa, akakipiga.

Jua lilipokuwa utosini askari wawili waliingia langoni. Walikuwa wamesikia nyundo siku ya Bwana. Mmoja alimtaka Kahiga pasi. Wa pili alichungulia ndani ya Moris, akamkuta Wamuyu sakafuni.

"Wewe unafanya nini chini huko?"

"Nashika chuma, afande."

"Chuma." Askari alimgeukia mwenziwe. "Anasema anashika chuma." Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu, na mlinzi wa gereji akacheka nao kwa sababu haikuwa salama kutocheka.

Walimtoa nje, wakamsimamisha kwenye ukuta. Pasi yake ilisomwa mbele na nyuma, ikageuzwa, ikasomwa tena. Aliulizwa jina la mumewe huku mumewe amesimama pale pale. Aliulizwa kama kweli ni mumewe, ama ni mtu tu. Kahiga alikuwa bado ameshika nyundo, na vidole vyake vikaukaza mpini. Wamuyu alimtazama mara moja tu, na kwa mtazamo ule Kahiga akaiweka nyundo chini.

"Ni Baba Wanjugu," Wamuyu aliwaambia askari. "Tuna watoto wawili. Tukimaliza hii kazi tutarudi Bondeni. Tusipoimaliza hatutakuwa na pa kurudi. Hiyo ndiyo habari yetu yote, afande."

Askari wa kwanza, aliyekuwa mtu mzima, aliacha kucheka. Alirudisha pasi. "Malizeni mapema," alisema, akamvuta mwenziwe kwa mkanda.

Wamuyu alirudi ndani ya gari. Alikaa kitambo bila kuchukua chuma, uso ameuelekeza upande mwingine. Kahiga alingoja. Hakumhimiza. Kisha akasikia, kutoka ndani ya mlango, tik.

Mke wa Singh, aliyekuwa ameona yote kutoka nyumba ya nyuma, alishuka na birika ya chai na vikombe. Hakujua Kiswahili cha kutosha, na Wamuyu hakujua hata neno la lugha yake. Mama yule aliuchukua mkono wa Wamuyu, akautazama, akarudi nyumbani, akaja na mafuta ya moto kwenye kibakuli. Aliusugua mkono ule mpaka kwenye kiwiko, akasema kitu kirefu kwa sauti ya kulaumu. Hawakujua alimlaumu nani. Jioni, bati lilipokuwa sawa na rangi ya kwanza imepigwa, Singh naye alifika. Alipitisha kiganja, akalaza shavu karibu na mlango, akafumba jicho moja. Aliondoka, na pati ilibaki ndani ya mkebe wake.

Asubuhi ya Jumatatu Wamuyu alishindwa kufunga kitambaa chake cha kichwa. Vidole vya kulia vilikuwa vimevimba vikakataa kukunjana. Kahiga ndiye aliyemfunga, vibaya.

"Nimwambie huyo mzee?" aliuliza akiwa nyuma yake.

"Asipouliza, nyamaza. Una watoto."

"Na akiuliza?"

"Akiuliza, mwambie. Mtu akikuuliza juu ya kitu chake mwenyewe, utamdanganya halafu utaishi naye wapi?"

Mzee Kimaiyo alifika na basi la asubuhi, amevaa koti refu la jeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Burma na kofia ya kijivu. Alimsalimia Singh, akalizunguka gari lake polepole, si kwa kushuku, bali kama mtu anayemwangalia ng'ombe wake aliyelala nje. Alipofika ubavu wa nyuma alisimama, pua yake ikafanya kazi.

"Upande huu unanuka rangi mpya," alisema. "Mlikuwa mnafanya nini huku? Mimi nilileta springi."

Singh alikohoa. "Mzee, tulisafisha tu kidogo, tuka—"

Lakini Kimaiyo alikuwa akimtazama Kahiga, kwa sababu Kahiga ndiye aliyekuwa na rangi ya kijani kwenye kucha.

"Niligonga, mzee," Kahiga alisema. "Nilikuwa narudisha lori nyuma, nikagonga mlango na madigadi. Kosa ni langu. Tukainyoosha."

Upande wa pili wa yadi mtu aliacha kupiga tupa.

"Umegonga gari yangu," Kimaiyo alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua nikisimama na hii gari watu huniuliza nini? Huniuliza ni ya bwana gani. Hapa Lanet nasimamishwa, naambiwa shuka, onyesha karatasi, umeiba wapi. Kila nikirudi nyumbani naifuta mwenyewe. Ikiwa na jeraha hata moja watasema, mnaona, mweusi hawezi kutunza gari." Hakuwa amepandisha sauti. Alifuta vumbi la boneti kwa mkono wa koti lake. "Na wewe, mweusi mwenzangu, ndiye umeigonga."

"Ni mimi, mzee."

Kimaiyo alivua kofia, akapiga goti moja kwenye mafuta ya sakafu bila kujali suruali yake. Alitazama ubavu wa gari kinyume na mwanga, kama mtu anayelenga bunduki. Akapitisha kiganja kutoka mlango wa mbele hadi taa ya nyuma, akarudi.

"Wapi?"

"Mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma wapi?"

Kahiga alilazimika kuinama na kumwonyesha kwa kidole. Kimaiyo alipapasa mahali pale muda mrefu. Alibisha kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hii ni bati tupu. Hamkujaza kitu."

"Hatukujaza."

"Jeshini nilikaa kwenye karakana. Mtu mmoja hanyooshi mlango hivi. Nani alikushikia?"

"Mke wangu."

Mahali fulani kwenye yadi mtu alitoa mguno. Kimaiyo hakugeuka. Alisimama, akapangusa goti, akavaa kofia yake.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Bondeni."

"Ingia. Unionyeshe njia."

Singh alimshika Kahiga kiwiko, akamvuta pembeni kidogo. "Habari ya pati hukumwambia," alisema chini chini.

"Hakuuliza habari ya pati, bwana."

Singh alivuta ndevu zake, akatazama chini, akatazama lango ambalo lori la viazi lilikuwa limeliziba Jumamosi. "Ukirudi, lete pasi yako," alisema. "Mwezi unaisha. Nitie sahihi."

Gari likisimama mbele ya mlango huko Bondeni mwaka ule, haikuwa habari njema. Moris ilipoingia kati ya nyumba, madirisha yalifungwa, mama mmoja akamvuta mwanawe ndani kwa shati. Wamuyu alitoka akiwa na povu la sabuni mikononi. Alimwona mumewe ndani ya gari la mtu mwenye koti la jeshi, akashika mwimo wa mlango. Kisha Kahiga akafungua mlango mwenyewe, akashuka mwenyewe, na Wamuyu akapumua.

Kimaiyo alivua kofia. "Hamjambo, mama. Mimi ni Kimaiyo wa Ravine. Hii gari ni yangu."

"Hatujambo, mzee. Nisamehe, huu mkono hausalimii leo." Alimpa kifundo cha mkono. Mzee alikipokea kwa mikono yake yote miwili, akauangalia uvimbe ule, na alipoongea tena hasira ilikuwa imekwisha kabisa.

"Nilitaka kumwona mtu aliyekaa ndani ya mlango wangu," alisema. "Mimi nina gari, mama, na sina kitu kingine mkononi leo. Ungependa nikupeleke mahali? Mahali popote."

Madirisha yaliyofungwa yalikuwa yamefunguka kidogo. Wamuyu alifikiri. Kahiga, aliyemjua, alidhani atakataa kwa adabu.

"Nipeleke bombani," Wamuyu alisema. "Kwa huu mkono sijui madebe ya maji yangefika vipi."

Basi wakaenda hivyo. Wamuyu alikaa mbele, kando ya mzee. Kahiga alikaa nyuma amekumbatia madebe mawili, akiyaegemeza magotini ili yasiguse rangi, na kila gari liliporuka alisema, "Pole pole, mzee, pole pole." Kimaiyo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kwenye bomba foleni ya wanawake iligeuka yote kutazama. Wamuyu alishuka, akafunga mlango nyuma yake, akachukua debe moja kwa mkono wa kushoto na kusimama mwisho wa mstari kama kila siku.

"Mama Wanjugu," mmoja alimnong'oneza, "hiyo gari ni ya nani?"

"Ni ya huyo mzee," Wamuyu alisema. "Ule mlango wa nyuma tumeunyoosha na Baba Wanjugu."

Yule mwanamke alitoka kwenye mstari, akaenda kuutazama. Wengine wakamfuata.